Bi Nikuulize na Maji ya Njano

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye karatasi za mshahara. Shuleni aliitwa Bi Nikuulize, na jina hilo alilitafuta kwa mdomo wake mwenyewe. Mwanafunzi akimjia na swali, humtazama kwa juu ya miwani, hushusha pumzi, kisha husema, "Na mimi nikuulize." Hapo hutoa swali lake, na wewe uliyekuja na ndoo kuchota jibu unaondoka na ndoo ileile tupu, pamoja na kazi ya kufanya.

Alikuwa amechoka. Ni vizuri lisemwe mapema, kwa sababu waliomwona walidhani ni mkali au ni mgonjwa, naye hakuwa hiki wala kile. Alikuwa mwalimu wa kemia aliyebakiza miaka michache astaafu, mwenye magoti yaliyogombana na kila ngazi ya jengo la maabara, na koo lililomeza vumbi la chaki tangu ujana. Maabara yenyewe nayo ilikuwa imechoka. Ilikuwa na mabomba manne. Lililotoa maji lilikuwa moja, na hilo moja lilikohoa kwanza kama mzee anayetaka kutoa hoja kikaoni. Kwenye meza za mbao palikuwa na majina yaliyochongwa na wanafunzi ambao sasa walikuwa wazazi wa wanafunzi. Nyuma kabisa palikuwa na kabati la kemikali lenye kufuli, na ufunguo wake aliuvaa shingoni.

Zamani alifundisha kama wenzake. Aliingia, akajaza ubao, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia, kila mtu akaenda zake akiwa na dhamiri safi. Kisha akapelekwa semina. Wengine hurudi kutoka semina na begi jipya na tumbo lililoshiba. Yeye alirudi na mawazo mawili, na mawazo hayo yakamharibia starehe. La kwanza: usimpe mwanafunzi jibu, mpe tatizo la kweli lililo karibu naye, ahangaike nalo mpaka elimu imwingie kwa mlango wa haja. La pili: kemia isiachie watu uchafu. Kabla hujauliza utapata nini ndani ya chupa, uliza kitakachobaki kitakwenda wapi.

"Kufundisha kwa matatizo?" alisema mwalimu wa jiografia siku alipoyaeleza hayo ofisini. "Matatizo tunayo tele, bibie. Huko kufundisha ndiko kulikopungua." Walicheka wote, na yeye alicheka, maana ilikuwa kweli.

Lakini aliyaamini mawazo yale, na bado aliyaamini, ingawa imani nayo huchoka. Hakuna aliyekuwa amemwonya kwamba kunyamaza kunachosha kuliko kusema. Asiyesadiki na amwangalie mtoto mdogo akihangaika kufunga kamba za viatu asubuhi ya kuchelewa, na asimsaidie. Bi Nikuulize alikuwa na watoto zaidi ya arobaini wa namna hiyo kila kipindi, na kazi yake ilikuwa kuuma ulimi.

Vitu vikali alivifungia kabatini, kostiki, alkali kali nyeupe inayounguza ngozi, na tindikali za chupa nyeusi. Wanafunzi wake walitumia ndimu, siki, magadi, majivu na sabuni, vitu ambavyo vikimwagika havimuunguzi mtu wala havimuui chura. Hata dawa ya kupimia hawakununua. Walichuma maua mekundu ya ua wa shule, wakayachemsha, wakapata maji ya zambarau ambayo hubadilika rangi kulingana na unachotia. Wanafunzi walichora kadi kubwa wakaibandika ukutani: nyekundu kwa tindikali kali, kisha pinki, zambarau kwa maji yasiyo na upande, buluu, na mwisho kijani kwa alkali. Kadi iliishia hapo kwenye kijani. Aliipenda kadi ile. Siku ambazo hakuona sababu ya kupanda zile ngazi, aliiangalia akapata nusu ya sababu.

Nyumbani alikaa na mdogo wake wa kike. Wazazi walikwisha tangulia, watoto wa mwalimu walikwisha hama na maisha yao, na ndugu hawa wawili wakabaki katika nyumba moja, mdogo vyumba vya mbele, mkubwa chumba cha nyuma. Mdogo mtu alikuwa mcheshi, mwenye mikono iliyopakwa rangi hadi viwikoni kwa sababu kazi yake ilikuwa kutia rangi vitambaa. Alifanyia uani, kwenye mapipa ya plastiki, na kamba zake zilijaa mashuka ya buluu na kijani yakidondosha maji. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kumwita Bi Nikuulize "Dada," na ndiye huyo. Wengine wote walimwita Mwalimu, hadi muuza mkaa.

"Dada," humwambia akimwona anaingia anavuta miguu, "hiyo shule itakuzika, na mchango wa mazishi itakuomba wewe mwenyewe."

Kazi ile ya rangi alifundishwa na dada yake. Duka alimokuwa ameajiriwa lilifungwa, akakaa mkekani miezi akiangalia ukuta, mpaka siku moja mkubwa akamletea pipa, rangi, kostiki ya kuifanya rangi ishike, na mizani ndogo. Alimfundisha kwa mtindo wa wakati ule: kijiko hiki, maji haya, vaa glavu, usisogeze uso, fuata ulivyoambiwa. Mdogo mtu akakariri kama anavyokariri sala. Alipona kwa kazi ile. Kila mwisho wa kazi aliinamisha pipa kwenye tundu la ukuta wa uani, maji yakatoka yakaenda zake mtaroni, na hapakuwa na somo juu ya hayo.

Sasa mtaro ule ulipita nyuma ya mtaa mzima kabla ya kufika kwenye bustani za mboga zilizo jirani na shule. Ukiwa mtaroni unaziona nyumba zote kwa mgongo, na nyumba kwa mgongo zinafanana. Muhula ule mama mmoja mkulima alifika getini kwa shule na miche yake mkononi, imekauka kingo kana kwamba imepitishwa motoni. Alisema kila akimwagilia, inaungua. Darasa la Bi Nikuulize lilikuwa linatafuta tatizo. Likalidaka hilo.

Kuna msichana mmoja darasani waliyemwita Wakili, kwa kuwa hakuwahi kukubali jambo kabla ya kuligeuza upande wa pili. Ndiye aliyesimama. "Tufuate maji," alisema. "Tuteke mahali mbalimbali, tuone ukali unaingilia wapi."

Wazo zuri kuliko hilo mwalimu hakuwahi kulipata kwa kuuma ulimi. Alipaswa kufurahi. Lakini alijua mtaro ule unapita wapi, na kitu kidogo kilimkaa kifuani, akakifukuza. Mtaani kulikuwa na wafua nguo, wachinja kuku, na yule kijana mwosha magari aliyeitwa Povu kwenye kona ya mtaro, juu kidogo ya bustani. Maji hayo yanaweza kuwa ya yeyote.

Mwalimu mkuu alipopata habari alimwita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa matokeo. "Siku ya wazazi nataka wasome walichokipata," alisema. "Kikieleweka, endelea na mtindo wako. Kisipoeleweka, mwalimu wangu, turudi kwenye notisi. Kwanza utapumzika."

Neno hilo la kupumzika lilimwingia vibaya, kwa sababu lilimtamanisha.

Wanafunzi walirudi na chupa zao siku ya mvua nyepesi, viatu vimejaa tope, wakazipanga mezani kuanzia maji ya juu kabisa hadi ya bustanini. Chupa ya kwanza, maji ya maua yakabaki zambarau. Ya pili, zambarau. Ya tatu ilikuwa na maji yenye rangi ya chai iliyolala. Wakili akadondoshea maji ya maua. Yakawa kijani kwa kupepesa jicho tu, kisha kijani kikafa, yakabaki ya njano.

Bi Nikuulize alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuhitaji kadi. Maua yale yakikutana na alkali ya kawaida huwa kijani. Yakikutana na kostiki hupita kijani na kwenda kwenye njano, kwa kuwa ukali umeila rangi yenyewe. Wanafunzi hawakujua. Wangejuaje, ikiwa kostiki aliifungia kabatini na kadi yao ikaishia kwenye ndimu na majivu? Usafi wa somo lake ndio uliowafumba macho. Na kikaratasi kilichofungwa kwenye chupa kilisema: chini kidogo ya tundu kwenye ukuta wa matofali ya simenti.

"Mwalimu," alisema Wakili, "hii vipi? Imepoteza rangi."

Kinywa cha Bi Nikuulize kilifunguka. Kisha kikafanya kile kilichozoea. "Na mimi nikuulize. Wewe unaonaje?"

"Naona ni maji machafu tu. Uchafu umefunika rangi ya maua."

"Andikeni mnachokiona," akasema.

Wakaandika kwamba chupa ya tatu haikusomeka. Ya nne, iliyotekwa kwenye kona ya Povu, ikawa kijani kibichi, na ya tano ya bustanini ikafuata. Kwao mambo yakawa wazi kama mchana: juu zambarau, katikati uchafu, kwa Povu kijani. Povu ana sabuni. Miche inaungua chini ya Povu. Darasa likashangilia, na mwalimu wa jiografia aliyekuwa anapita akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Alipoelezwa akatikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Huyo kijana ndiye anayeliosha gari langu kila wiki."

Bi Nikuulize alikaa kwenye stuli yake. Kwa kanuni za semina hakuwa amekosea hata herufi moja. Mwalimu hatoi jibu. Mwalimu huacha wanafunzi wakosee. Aliirudia moyoni njia nzima akaiona imenyooka, na aliona aibu kwa jinsi ilivyonyooka.

Jioni alimkuta mdogo wake amepiga magoti mbele ya pipa, anageuza kitambaa kwa fimbo. Ilikuwa oda kubwa, sare za kwaya. Mwalimu alivua viatu akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Maji haya ukimaliza unayamwaga wapi?" aliuliza, japo tundu lilikuwa mbele ya macho yake.

"Yanakokwenda maji yote."

"Yanakwenda wapi?"

Mdogo mtu akacheka. "Dada, mimi si mwanafunzi wako tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sina muda wa kuyafuata. Wewe ndiye uliyenifundisha. Pa kuchukua ulinionyesha, pa kumwaga hukunionyesha." Akainuka, akajinyoosha mgongo. "Kula kwanza. Umekuwa na uso wa mtu aliyepigwa."

Alikula. Alijiambia atasema kesho.

Kesho yake Povu alimtangulia. Alimkuta getini kwa shule, amevaa mabuti yake ya mpira, kofia mkononi. Alikuwa na umri wa mwanawe wa mwisho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanafunzi wako wamekuja kwangu na maswali. Wana adabu, siwalaumu. Lakini nasikia yatasomwa mbele ya wazazi. Wazee wa mtaa walishanitaka niondoke pale, walikuwa wanatafuta sababu tu." Alimwonyesha viganja vyake, vimekunjamana kwa maji. "Sabuni yangu ni hiihii ninayoogea. Ingekuwa inaunguza, si ningekuwa sina mikono? Nakuuliza wewe kwa kuwa ni msomi. Ni mimi?"

Kwa maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuulizwa swali fupi kama lile. Akatafuta swali la kulijibia, na hakulipata.

"Bado wanachunguza," alisema.

"Sawa, Mwalimu." Alivaa kofia yake. "Mimi nitasubiri." Akaondoka akiburuta mabuti, na mwalimu alipanda ngazi za maabara akishika ukuta kama mgonjwa.

Siku mbili tatu alizibeba hivyo. Aliona hasira na kila kitu: na semina, na Povu kwa upole wake, na Wakili kwa akili yake nusu. Alimchukia hata mama wa mboga, ambaye alizidi kuja na miche yake. Zaidi alijichukia mwenyewe, ingawa kwa uvivu, kwa kuwa hata kujichukia kunataka nguvu. Ilipobaki siku moja kabla ya siku ya wazazi, alirudi nyumbani mapema akamwambia mdogo wake yote, akiwa amesimama, ili asipate nafasi ya kulegea.

Mdogo mtu alisikiliza hadi mwisho. Alizima jiko. Akavua glavu, moja, kisha ya pili.

"Kwa hiyo hawajui," alisema.

"Hawajui."

"Na wewe hujawaambia."

"Sijawaambia."

"Basi nyamaza. Si ndiyo kazi yako? Umeniambia mwenyewe mara mia, mwalimu hajibu."

"Watamtaja kijana wa watu."

"Huyo kijana ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu."

"Basi."

"Ndiyo sababu siwezi," alisema mwalimu. "Angekuwa ndugu yangu ningemwomba avumilie."

Mdogo wake alimwangalia. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka usoni, na bila ucheshi alifanana sana na mama yao. "Una watoto wa watu darasa zima," alisema. "Mdogo wako niko mmoja. Sare za kwaya ziko kwenye pipa. Watu wakisikia mimi ndiye ninayeunguza mboga zao, nani ataleta kitambaa hapa? Nitarudi mkekani, Dada. Unakumbuka mkeka?"

Aliukumbuka. Alikaa kitandani mwake hadi giza likaingia, hakuwasha taa, na mambo yote mawili yalikuwa ya kweli, la mdogo wake na la Povu.

Asubuhi aliingia maabara kabla ya kengele. Wanafunzi walipofika kwa mazoezi ya mwisho walimkuta amevaa glavu na miwani ya kukinga macho, na kabati la nyuma liko wazi. Hawakuwahi kuliona likiwa wazi.

Alichukua kichupa cha maji safi ya bomba lile linalokohoa. Akachota punje chache nyeupe za kostiki kwa kijiko kirefu, akazitia, akatikisa polepole hadi zikayeyuka. Kisha akadondosha maji ya maua. Yakawa kijani. Darasa likatikisa kichwa, kijani walikijua. Halafu kijani kikafa mbele ya macho yao, yakabaki maji ya njano kwenye kichupa kilichokuwa na maji safi kama ya kunywa.

Akakiweka kichupa mezani, akachukua ile chupa ya tatu iliyokuwa bado rafuni, akaiweka kando yake.

Wakili alisogea, akainama hadi pua ikakaribia meza. Akageuka kuangalia kadi ukutani, kuanzia nyekundu hadi kijani, na ilipoishia kijani aliendelea kuangalia ukuta mtupu.

"Kadi yetu ni fupi," alisema taratibu. "Uchafu haukufunika kitu. Njano ni mbele ya kijani." Akahesabu chupa kwa kidole. "Basi ukali unaingia kati ya chupa ya pili na ya tatu. Kwa Povu yanafika yakiwa yamechanganyika na maji mengine, yamepungua. Povu hana kosa. Tulikuwa tunakwenda kumtaja mtu asiye na kosa."

"Nani anatumia kitu hicho kule juu?" mwingine aliuliza.

Mvulana wa mstari wa nyuma, aliyekaa mtaa huohuo, alisema kuna nyumba wanatia rangi vitambaa. Alipomaliza kulisema alimwangalia mwalimu, kisha akaangalia chini, na katika kuangalia chini kwake darasa zima likaelewa.

Wakili ndiye pekee aliyebaki ameinua uso. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anavyouliza siku zote, kwa kuwa alitaka kujua.

"Mwalimu, wewe ulijua?"

Wote walilisubiri jina lake. Wengine walikuwa tayari wamelipanga midomoni, na mimi nikuulize. Bi Nikuulize alivua miwani ya kukinga, akaishika mkononi.

"Ndiyo," alisema. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu hiyo chupa ilipogeuka njano."

"Ulisema tuandike tunachokiona."

"Nilisema hivyo ili nisiseme ninachokiona mimi." Aliigusa chupa ya tatu kwa kidole. "Ile ni nyumba yangu. Anayetia rangi ni mdogo wangu, na niliyemfundisha ni mimi."

Wakili alichukua kalamu, akavuta karatasi ya taarifa karibu, kisha akaiacha kalamu juu yake.

"Sasa tuandike nini?"

"Andikeni mnachokiona," alisema mwalimu, na akakaa kwenye stuli yake.

Waliandika. Siku ya wazazi Wakili alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, akieleza kwanza kosa lao la kadi fupi, kisha chupa, kisha nyumba, na kwamba ni ya mwalimu wao. Viti vililalamika. Mwalimu alisimama alipotajwa, akabaki amesimama hadi mwisho. Povu alikuwa mstari wa nyuma. Walipomaliza alivaa kofia yake akatoka bila kumwangalia mtu, na alikuwa na haki. Mwalimu mkuu alisema kwamba kilichosomwa kimeeleweka, kimeeleweka kupita alivyotaka, na mtindo uendelee. Ungetegemea moyo wa Bi Nikuulize uruke kwa furaha. Alitaka kulala tu.

Nyumbani mdogo mtu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Waliokuwa na vitambaa vyao walikuja kuvichukua, si wote, lakini wa kutosha kuacha kamba uchi. Mapipa yalikauka. Asubuhi dada aliikuta chai yake imewekwa mezani na kufunikwa kama kawaida, na aliyeiweka hayupo.

Darasa ndilo lililorudi. Tatizo lililopita lilikuwa nani anaunguza mboga. Sasa walitaka jipya: vitambaa vitiwe rangi vipi, bustani zisiungue? Siku ya kwanza mdogo mtu aliwafungia geti. Siku ya pili Wakili alikuja peke yake, hana hata chupa, akasimama nje.

"Mama, safari hii hatujaja kupima," alisema. "Tunataka utufundishe unavyofanya."

Mdogo mtu alimwacha pale juani muda wa kutosha. Kisha kitasa kikasikika.

Wakaanza kuja mara kwa mara baada ya masomo. Walimwuliza kwa nini kostiki vijiko vingi hivyo, naye akagundua kuwa hajui. Aliambiwa afuate, akafuata. Walijaribu kupunguza kidogokidogo hadi rangi ilipoanza kukataa, wakajua kipimo kinachotosha. Walijaribu kutumia maji ya pipa moja kwa kitambaa cha pili na cha tatu badala ya kuyamwaga. Yaliyokwisha kabisa waliyaweka kwenye pipa la pembeni, wakatia maji yaliyochacha ya maganda ya matunda, makali kama siki, kutoka kwa muuza juisi, na kupima kwa maua hadi njano ikarudi kijani, kijani ikarudi zambarau. Maji yenye rangi bado yalikuwa maji yenye rangi, na hilo liliwatesa, wakaliandika kuwa halijapata dawa. Tundu la ukutani lilizibwa kwa matambara, halafu kwa simenti. Ukutani mwa maabara, kadi iliongezwa kipande cha karatasi chenye rangi ya njano, kimebandikwa kwa gundi nyingi mno.

Jioni moja Bi Nikuulize alirudi akakuta ua umejaa watoto. Mdogo wake alikuwa katikati yao, mikono ya buluu, ameshika kichupa juu ili kiangazwe na jua la mwisho. Alikuwa anacheka jambo alilosema Wakili. Kulikuwa na kitambaa kimoja kwenye kamba, cha kwanza tangu siku ile. Mwalimu alisogea naye aone rangi ya kile kichupa, na alipokuwa karibu mdogo mtu alimwona. Kicheko hakikukatika ghafla. Kilipungua tu, kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.

"Mwalimu," alimwambia, "sogea kidogo. Unawazibia mwanga."

Bi Nikuulize alisogea. Palikuwa na ndoo iliyopinduliwa karibu na ukuta, pale palipokuwa na tundu. Akaikalia, akavua viatu, akasubiri wamalize.